Maumivu Yako Wapi

"Insha nzuri," Mwalimu Wilbard alisema, akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza. "Umewazidi wote. Lakini haitashinda."

Mogesi alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma. Ilikuwa Jumamosi, siku ya klabu ya uandishi, na wenzake walikwishaondoka kuwahi kuchunga. Sauti za ng'ombe wa kijiji cha Mbalibali zilisikika zikipita nyuma ya madarasa.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Nimeisoma mara mbili, nikacheka mara mbili. Majaji hawataki kucheka. Maumivu yako wapi?"

Insha yenyewe ilihusu siku Mogesi alipoandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu wa zamu aliuliza jina la baba, naye Bibi Waisiko aliyekuwa amemshika mkono akajipiga kifua, akasema, "Baba ni mimi hapa." Yule mwalimu, mgeni kutoka mkoa mwingine, akacheka mpaka kalamu ikamponyoka. Bibi hakucheka. Alisimama palepale mpaka jina likaandikwa.

Na kwa Wakurya hapakuwa na cha kuchekesha. Bibi Waisiko hakujaliwa kuzaa. Mumewe Nyangwine alipokufa, Bibi alitoa ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe akaoa mke, Pudensiana, ili nyumba ile isizimike kama moto usio na mtu wa kuuchochea. Ndiyo nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke, na watoto wanaozaliwa ni wa yule aliyetoa ng'ombe. Aliyepita usiku akaenda zake si baba wa mtu. Pudensiana alizaa mtoto mmoja tu, Mogesi, msichana, na Bibi akasema msichana naye ni mtu, atasoma.

Lakini majaji wa shindano hawakuwa wakiishi Mbalibali. Waliishi Dar es Salaam, na shindano lilikuwa la taasisi yenye magari meupe. Mshindi angesomeshwa kidato cha tano na cha sita katika shule ya bweni Arusha, na kila likizo angepelekwa kwenye kambi ya waandishi chipukizi. Mwalimu Wilbard alikuwa amepeleka insha za wanafunzi wake miaka miwili mfululizo, zikaanguka zote. Alizisoma za washindi. Zote zilikuwa zinalia.

Ingekuwa rahisi kumchukia Mwalimu Wilbard kama angekuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alitoka kwao Bukoba akapangiwa shule ya kata isiyo na maktaba, akajaza kabati kwa vitabu vya kuomba kwa marafiki, na karatasi za klabu alinunua kwa mshahara wake. Aliwapenda wale watoto. Alitaka mmoja wao, hata mmoja tu, atoke.

"Mama yako aliolewa na miaka mingapi?" aliuliza.

"Kumi na tisa, mwalimu. Alikuwa ametoka kwa mwanamume aliyekuwa anampiga. Bibi ndiye alimpokea."

"Kumi na tisa haigusi moyo. Tuseme kumi na minne." Akaandika pembeni. "Na huyo bibi, hajawahi kukupiga?"

"Mara moja. Na mwiko. Nilimwaga maziwa."

"Na hilo kovu la mkononi?"

"Uji, mwalimu. Nilikuwa mdogo, nikavuta sufuria."

Mwalimu alilitazama lile kovu kwa muda. "Hakuna mtu aliyewahi kusema uache shule uolewe?"

"Babu Nchagwa, ndugu wa marehemu mume wa Bibi. Alikuja na wazee akasema msichana hashiki nyumba. Niozwe, ng'ombe wakija Bibi aoe mke mwingine wa kuzaa mvulana. Bibi alimfukuza na fimbo mpaka barabarani."

"Hapo!" Mwalimu akapiga meza. "Hapo ndipo maumivu yalipo. Ila insha ni maneno mia tano, watu wakizidi inapoteza nguvu. Huyo babu mtoe. Maneno yake mpe bibi."

"Lakini Bibi hakusema hivyo."

"Mogesi. Hii ni sanaa. Tena ni Kiingereza. Bibi yako anajua Kiingereza?"

"Hajui."

"Sasa?"

Mogesi alitazama sakafu. Nyumbani walikuwa wamebaki na ng'ombe wanne. Bibi alikwisha kutangaza kwamba wawili watauzwa kwa ajili ya kidato cha tano, na tangu siku hiyo Nchagwa alikuwa akipita karibu na zizi kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Insha ikishinda, ng'ombe watabaki. Msichana alijiambia hivyo, akavuta kiti, akaanza kuandika upya.

*

Ilishinda. Habari zilifika kwa simu ya mkuu wa shule, na kabla ya jua kuzama zilikuwa zimefika mashine ya kusaga, kwa sababu Bibi Waisiko mwenyewe alizipeleka huko.

"Mtoto wangu amewashinda wa mikoa mingapi sijui!" alisema, debe la mtama likiwa kichwani bado. "Kwa Kiingereza! Waje wale waliosema msichana hashiki nyumba."

Jioni alikaa karibu na mafiga, akavuta ugoro wake, akamtazama Mogesi aliyekuwa anachambua mboga.

"Hebu niambie. Umeandika nini?"

"Nimekuandika wewe, Bibi."

"Mimi?" Mzee akashtuka, akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja kama msichana. "Mimi nina nini cha kuandika? Umeandika lile la baba ni mimi?"

"Hata hilo lilikuwamo."

"Pudensiana! Umesikia? Wazungu wananisoma!"

"Si Wazungu, mama, ni watu wa Dar," Pudensiana alisema kutoka ndani, lakini naye alikuwa anacheka.

"Umenisema vizuri?"

Mogesi alishika jani moja la mboga akaligeuza pande zote mbili. "Vizuri, Bibi."

Shule ilitangaza sherehe. Wafadhili wangekuja wenyewe kumkabidhi mshindi zawadi, na wazazi wote waliitwa. Bibi Waisiko aliazima viatu kwa mke wa mchungaji, vikambana, akavivaa hivyohivyo. Pudensiana alimfunga kitenge kipya kilichokuwa kimewekwa kwa ajili ya Krismasi. Njia nzima mzee alikuwa akijifunza kupiga makofi polepole, kwa heshima, kama alivyowaona wake za viongozi wakifanya.

Uwanjani palikuwa na turubai, viti vya plastiki mbele na mabenchi nyuma. Bibi alikwenda moja kwa moja kwenye viti. Kijana wa kupanga wageni akamzuia.

"Bibi, hapa ni wazazi wa mshindi na meza kuu tu."

"Ndiyo mimi."

"Wewe ni nani wake?"

"Baba yake."

Wageni wawili waliokuwa wakishuka kwenye gari wakaangua kicheko. Mkuu wa shule, Mwalimu Goodness, alikuja mbio akamkalisha mzee mwishoni mwa mstari, huku akiwaeleza wageni kwa Kiingereza. Wale wageni wakaacha kucheka. Wakamtazama Bibi Waisiko kwa namna nyingine, kama mtu anavyomtazama mbwa baada ya kuambiwa kwamba huyo huuma. Bibi aliwatikisia kichwa, akatabasamu.

Hotuba zikaja, na hotuba za mkoa wa Mara ni ndefu. Kisha akasimama Bi Kauthar, kiongozi wa taasisi, mama mwenye sauti nzuri na mtandio wa rangi ya machungwa. Alikuwa ameshika nakala ya insha. Alisema aliposoma kazi ya binti huyu alilia mbele ya watoto wake. Watu wakapiga makofi. Bibi Waisiko alipiga yale aliyojifunza njiani.

"Sasa mshindi wetu atatusomea," Bi Kauthar aliendelea. "Lakini nina ombi moja. Naona wazazi wengi hapa, na insha ni ya Kiingereza. Tukisoma Kiingereza tutakuwa tumejisomea wenyewe. Mila hizi ziko mikononi mwa nani? Si mikononi mwa hawa? Binti, tusomee kwa Kiswahili. Ujumbe uifikie jamii."

Meza kuu ikashangilia. Mogesi alisimama na karatasi yake. Alimtafuta Mwalimu Wilbard kwa macho, akamkuta amesimama pembeni ya turubai anakitazama kiatu chake. Neno la kwanza la msichana lilitoka bila sauti.

"Kwa nguvu, mwanangu, usiogope," Bi Kauthar alimwambia.

Alisoma. Alisema mama yake alinunuliwa akiwa na miaka kumi na minne. Benchi za nyuma zikanong'ona, maana wapo waliokula harusi ile na walijua umri wa Pudensiana. Alifika kwenye mwiko, na mwiko ukawa kila siku. Alifika kwenye kovu. Pale, kwenye insha, bibi aliushika mkono wa mtoto akauweka motoni kwa sababu alikutwa na kitabu. Mogesi alisema haraka haraka kwamba aliungua, akaruka mstari, akaendelea na ndoto zake za kuwa mwandishi.

"Samahani," Bi Kauthar alimkatiza kwa upole, kidole kikiwa juu ya nakala. "Hapo umeruka, mwanangu. Najua inauma. Nani alikuunguza? Na lile la ng'ombe umeliacha. Lisome. Hapa hakuna wa kukufanya kitu."

Aliwaza kusema uongo, halafu akakumbuka kwamba uongo ndio aliokuwa ameushika mkononi. Akausoma wote, neno kwa neno. "Bibi yangu alisema, msichana hashiki nyumba. Aozwe huyu, ng'ombe wakija nitanunua mwingine."

Mzee Nchagwa alikuwa mstari wa tatu. Aliyasikia maneno yake mwenyewe, yale aliyoyasema kwa kinywa chake mbele ya wazee kabla hajafukuzwa na fimbo, yakiwa yamevishwa mtu mwingine. Kwanza alishangaa. Halafu akatoa ugoro, akavuta, akapiga chafya kubwa ya mtu mwenye raha.

"Loo," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Kikulacho ki nguoni mwako. Tulikuwa tunakaa na simba hatujui."

Mogesi alipomaliza, meza kuu yote ilisimama ikapiga makofi. Wazazi nyuma wakapiga wachache, kwa kufuata. Bibi Waisiko naye alipiga. Alikuwa ameambiwa mtoto akimaliza kusoma unapiga makofi, akapiga polepole, kwa heshima, macho yakiwa hayaangalii popote, na aliendelea kupiga wakati wengine wamekwisha kuacha, mpaka Pudensiana akaishika mikono yake akaishusha mapajani.

*

Hawakuruhusiwa kwenda nyumbani. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya, Rabson, alikuwa miongoni mwa wageni, na mtu wa kazi yake akisikia mbele ya umati kwamba mtoto ameunguzwa hawezi kula pilau akaondoka. Aliwaita ofisini kwa mkuu wa shule: Bibi, Pudensiana, Mogesi, na Mwalimu Wilbard kama mlezi wa klabu. Bi Kauthar naye aliingia, amemshika Mogesi bega.

"Si kweli!" Pudensiana alisema kabla hajaulizwa. "Hayo aliyosoma si kweli hata moja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa na jino limeng'olewa na ngumi ya mwanamume, huyu mama ndiye alinipokea. Alitoa ng'ombe wakarudishwa kwa yule, mimi nikakaa kwa amani. Leo mimi naitwa nimenunuliwa?"

Rabson alikuwa mpole. Alikuwa amefundishwa kuwa mpole. "Mama, tunakuelewa. Wengi mnaoishi katika hali hiyo hamwezi kusema mbele ya aliyewafanyia. Tutazungumza na wewe peke yako."

"Nasema hapa hapa!"

"Tutazungumza na wewe peke yako, mama."

Mogesi akajitoa kwenye mkono wa Bi Kauthar. "Afisa, Bibi hakuniunguza. Ni uji. Na hayo ya ng'ombe..."

Wote wakamgeukia. Mwalimu Wilbard akafumba macho.

"Ngoja kidogo," Bi Kauthar alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika; ulikuwa uso wa mtu aliyelia mbele ya watoto wake na sasa anaambiwa alilia bure. "Binti, unataka kusema insha si ya kweli? Fikiri vizuri kabla hujajibu. Kanuni yetu ni moja. Insha ni ya maisha ya mwandishi, tena ya kweli. Ikiwa si ya kweli, nafasi anapewa mshindi wa pili, na shule inafutwa kwenye shindano. Sitaki, lakini ndivyo ilivyo. Mwalimu, wewe uliithibitisha kwa sahihi yako. Ni ya kweli au si ya kweli?"

Mwalimu Wilbard alikuwa na jibu. Alikuwa nalo lote, tangu ile kumi na tisa iliyogeuzwa kumi na minne. Alifungua mdomo, akamtazama mkuu wake wa shule, akasema, "Mtoto aliandika yeye mwenyewe, madam."

Nje sahani zilikuwa zinagongana, watu wakila. Bibi Waisiko alivua kiatu kimoja cha kuazima, akakiweka kando ya mguu.

"Mama mgeni," alisema. "Nimesikia Kiswahili chako, lakini rudia. Ikiwa si kweli, mtoto haendi?"

"Haendi, bibi."

"Na ikiwa kweli, anakwenda?"

"Anakwenda. Nafasi ni yake."

Mzee akavua na cha pili. "Basi ni kweli."

"Mama!" Pudensiana akapiga kelele.

"Nyamaza. Mwenye nyumba ni mimi." Akamgeukia Rabson. "Andika. Nilimwunguza. Nilisema aozwe. Huyu nilimchukua akiwa mdogo, hivyo hivyo alivyosoma mtoto. Andika yote."

"Bibi, usiseme hivyo!" Mogesi alikuwa analia. "Mwalimu, mwambie! Mwalimu!"

"Unaona," Bi Kauthar alimwambia Rabson kwa sauti ya chini, macho yamejaa machozi tena. "Hata baada ya yote, bado wanamtetea."

Rabson akaandika. Alipomaliza alimsogezea mzee kidau cha wino, na Bibi Waisiko akaweka dole gumba lake chini ya maneno yale, akalikandamiza sana, kama mtu anayeogopa lisikubalike.

*

Siku ile ile Mogesi hakulala nyumbani. Alipelekwa nyumba ya hifadhi mjini Mugumu, kwa usalama wake, na mtihani wa kidato cha nne akaufanya akitokea huko. Kwa sababu mtuhumiwa alikuwa mzee na alikiri bila usumbufu, hakufikishwa mahakamani. Alipewa onyo, na amri ya kuripoti polisi kila Jumatatu, na asimkaribie mtoto.

Ukoo nao ulikaa. Nchagwa alizungumza kwa huzuni kubwa. Alisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba wao walimchelea Waisiko muda mrefu mno kwa heshima ya marehemu. Mwanamke aliyekiri mbele ya Serikali kwamba ananunua watoto hawezi kuachiwa mali ya ukoo, asije akanunua mwingine. Wale wazee waliokuwapo siku ile ya fimbo waliangalia chini. Kila mmoja alijua maneno yale yalitoka kinywa gani, lakini aliyeshitakiwa alikuwa amekiri mwenyewe, kwa dole gumba, na wao ni nani wabishane na karatasi ya Serikali? Ng'ombe wanne wakahamia zizi la Nchagwa. Kwenye mashine ya kusaga, Bibi Waisiko akifika na debe lake wanawake walikuwa wanampisha foleni ili aondoke mapema.

Shule ilipata kabati jipya la vitabu. Mwalimu Wilbard alipewa cheti na akaalikwa Mwanza kuwaeleza walimu wenzake jinsi ya kuwasaidia wanafunzi kuandika kutoka moyoni. Alikwenda. Inasemekana alizungumza vizuri.

Siku aliyoondoka Mogesi kwenda Arusha iliangukia Jumatatu. Sijui kama aliyepanga safari alijua. Pudensiana alikuja stendi na mfuko wa nguo na chupa ya maziwa aliyoomba kwa jirani, na nyuma yake, upande wa pili wa barabara, alisimama Bibi Waisiko akitoka kuripoti. Mama wa nyumba ya hifadhi aliyemsindikiza Mogesi alimwona. Alitazama saa yake, akasema anakwenda kununua vocha.

Mogesi alivuka barabara akapiga magoti vumbini. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Inuka, utachafua sketi."

"Bibi, nitaandika upya. Nikifika tu huko nitaandika ukweli wote, niwape, wausome."

"Usiandike."

"Nitawaambia ni Babu Nchagwa."

"Wakikuamini, watakurudisha." Mzee alizungumza kama anayemweleza mtoto njia ya kisimani. "Urudi wapi? Ng'ombe hawapo. Nilichokuwa nacho cha kukusomeshea nimekwisha kukitoa, mama. Kilikuwa jina tu. Usikirudishe."

Kondakta akaita abiria wa Arusha. Pudensiana alikwishapandisha mfuko na alikuwa anampungia mkono aharakishe. Mogesi hakuinuka. Bibi Waisiko alimshika chini ya kwapa, akamsimamisha, akampangusa vumbi magotini kwa upindo wa kile kitenge cha Krismasi.

"Huko andika," alimwambia. "Andika sana, uwe mwandishi wao. Lakini sisi usituandike tena."

"Ndiyo, baba," Mogesi alisema.

Watu waliokuwa karibu wakageuka kumtafuta huyo baba anayeagwa, hawakumwona. Waliona kizee kimoja, peku, kinatazama magurudumu ya basi.